Majini wa Saa Saba Mchana

Mchezo wa kwanza wa vita niliocheza maishani niliucheza vita yenyewe ikiwa nje ya mlango. Ilikuwa hapahapa Kindu, miaka ile treni ilipoacha kuja, boti zikaacha kupanda mto, na aliyetaka kutoka mjini alitafuta nafasi kwenye ndege ndogo ya mizigo akakaa juu ya magunia. Mimi nilikuwa msichana wa darasa la sita. Shule yetu ilifunguliwa na kufungwa kila wiki, mpaka mwalimu akaacha kutuaga.

Tulikaa mtaa wa Kasuku, karibu na soko, watu watatu: mimi, nyanya yangu mzaa mama, na mjomba wangu, ambaye ni kitinda mimba wa nyanya. Mama alikuwa amekwama Kisangani. Alikwenda kuuza mafuta ya mawese, njia zikafungwa nyuma yake, na habari zake tulizipata kwa mdomo wa wasafiri tu: yuko mzima, anasalimu, mtoto asome.

Mjomba alikuwa fundi wa redio. Ndiyo sababu ordinatere, yaani kompyuta, ilikuja kwetu. Jirani mmoja aliyeuza vitambaa alipata nafasi kwenye ndege, rubani akaitazama mizigo yake, akamwambia achague kimoja: ile ordinatere kubwa ya mezani au mke wake. Jirani alichagua mke, ingawa mjomba, aliyekuwapo uwanjani, aliapa kwamba kwanza alifikiri kidogo. Basi ordinatere ikarudi mjini kwa mkokoteni, ikawekwa kwetu.

"Unitunzie," jirani alimwambia mjomba. "Usiache ikae bure, itaharibika."

Mjomba alilishika agizo hilo kwa moyo wote.

Umeme wa mji ulikuwa umekufa. Mjomba alikuwa na pano moja la umeme wa jua juu ya bati na betri ya lori, alivyotumia kuchaji betri za redio za watu. Ordinatere ilimaliza umeme wote huo kwa muda mfupi sana, kwa hiyo iliweza kuwaka jua likiwa utosini tu, kama saa saba mchana. Wingu likipita, picha ilififia. Likikaa, kila kitu kilizima. Wengine mjini walitazama mawingu kwa ajili ya mpunga wao. Sisi tulikuwa na sababu zetu.

Ndani yake mlikuwa na hesabu za vitambaa, ambazo hatukuzigusa, na mchezo. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyejua hata neno moja la Kiingereza. Mjomba alibonyeza kila kitufe kwa zamu mpaka kitu kikafunguka, tukajikuta ndani ya jumba la chuma, chini ya ardhi, tumeshika bunduki.

Nasema tumeshika, kwa sababu ndivyo mchezo ulivyokuwa. Mtu mwenyewe haonekani. Unaona mikono miwili na bunduki mbele yako, basi. Nyanya alikuja na ungo wake wa mchele, akasimama nyuma yetu.

"Huyu muntu, kichwa yake iko wapi?" aliuliza.

"Njo wewe, mama," mjomba akamjibu, maana yake ndiye wewe mwenyewe. "Unaangalia na macho yake."

Nyanya alitazama mikono ile minene, yenye manyoya, kisha akatazama ya kwake. "Miye siko na mikono kama hii."

Hapo mlango wa chuma ukafunguka, na jini la kwanza likatoka. Lilikuwa na pembe, ngozi ya rangi ya matofali, na mdomo uliojaa moto. Nyanya alisema audhubillahi kwa sauti kubwa, mchele ukamwagika, na mjomba akafa. Tuliokota mchele mpaka jua likashuka.

Nilidhani atakataza. Familia yetu ni Waislamu wa siku nyingi, tangu enzi za misafara iliyotoka pwani, na nyanya hakuwa mtu wa kuchezea majini. Lakini kesho yake, jua lilipopanda, alivuta kigoda chake akaketi. Alisema amekuja kutuchunga. Tangu siku ile hakukosa.

Kwa kuwa hatukujua kusoma hadithi yake, kila mmoja alijitungia. Mjomba alisema ni mgodi. Kampuni fulani imechimba kupita kiasi, kama wanavyochimba Pangi na Kabambare, ikatoboa dari ya majini, na sasa wametuma mtu kwenda kusafisha. Nyanya aliuona mpango huo mbaya.

"Wafukie shimo," alisema. "Kila muntu arudi kwake. Hawa wako kwao. Ninyi njo munawafuata."

Kilichomkera kuliko majini ni milango. Mtu wetu alifungua milango bila kupiga hodi. Anafika, anabonyeza, anaingia, anaua. Nyanya hakuweza kuvumilia kuona mjukuu wake akiingia hivyo nyumba za watu, hata kama watu wenyewe wana mikia. Ikawa sheria: kila nikifika mlangoni niseme hodi, ndipo nifungue. Mjomba alicheka mpaka akashika tumbo, lakini naye alisema hodi zamu yake ilipofika. Mpaka leo nikicheza peke yangu, midomo inasogea yenyewe.

Halafu zilikuwapo dawa. Katika mchezo ule, visanduku vyeupe vyenye msalaba mwekundu vimetupwa ovyo sakafuni. Ukivikanyaga tu, umepona. Mji wetu wakati ule haukuwa na dawa. Mtu mwenye malaria alichemshiwa majani, akaombewa. Nyanya alipoona sanduku la kwanza alishika bega langu.

"Chukua ile."

"Haikubali, nyanya. Niko mzima. Inakubali kama naumwa tu."

"Uiache hapo? Dawa?"

"Haikubali."

Alifikiri. "Basi jiumize kidogo," akasema.

Nilimrudisha mtu wetu kwenye dimbwi la sumu tulilolipita, nikamsimamisha ndani mpaka ile alama ndogo ya uso, inayoonyesha afya yake chini ya picha, ikaanza kutoka damu, kisha nikamkimbiza kwenye dawa. Nyanya akashusha pumzi. Aliona tumefanya kazi ya maana siku hiyo.

Sauti hatukuwa nayo mwanzoni. Majini walifungua midomo bila mlio, bunduki iliruka mikononi kimya kimya, na nje ya dirisha mtu aliweza kuimba akienda mtoni. Kosa lilikuja siku mjomba alipoletewa bafle kubwa, spika ya ukumbi wa harusi, aitengeneze. Aliitengeneza. Kisha akataka kuijaribu, na kitu kilichokuwa karibu chenye sauti kilikuwa ordinatere.

Milio iliyotoka pale sitaisahau. Bunduki ya mkanda, halafu mngurumo wa kitu kinachotoka kaburini, halafu bunduki tena. Mjomba mwenyewe alipigwa na butwaa, kidole kikagandia kwenye kitufe, bunduki ikaendelea kulia. Kabla hajapata fahamu ya kuchomoa waya, mtaa mzima ulikuwa chini. Jirani wa kulia alilala kifudifudi kando ya sufuria yake ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Wa kushoto walikuwa wameshafika nusu ya njia ya kwenda mtoni, wamebeba godoro. Kisha ukaja ukimya mbaya, na baada ya ukimya, buti.

Walikuwa askari watatu. Mmoja, kijana mrefu mwenye ndevu chache, aliingia. Wawili walibaki uani wameelekeza bunduki mlangoni. Nyanya alinivuta nyuma ya mgongo wake.

"Bunduki iko wapi?"

"Hakuna bunduki, shefu," mjomba alisema, mikono juu. "Njo hii."

"Hii nini?"

"Muchezo."

"Miye nimesikia bunduki ya mukanda. Na ngombe."

"Iko ndani humu, shefu. Na ngombe pia. Nikuonyeshe?"

Askari alizunguka, akachungulia nyuma ya ekra, kile kioo cha picha, akagonga ubavu wake kwa kidole. Akaitikia kwa kichwa. Mjomba alirudisha waya, akabonyeza kitufe mara moja. Bunduki ikalia, na wale wawili wa uani wakalala chini kwa pamoja.

Aliyeanza kucheka ni yeye yule mrefu. Alicheka akiwa ameshika mwimo wa mlango, akawaita wenzake waje waone walichokikimbia, kisha akaweka bunduki yake ukutani, akaketi kwenye kiti cha mjomba, akasema: "Nionyeshe."

Nimewaona watu wengi wakicheza mchezo ule tangu siku hiyo. Sijaona aliyeucheza kama yeye. Mjomba alimweleza vitufe. Askari akasikiliza kwa makini, kisha akageuza macho ya mtu wetu kushoto na kulia.

"Wenzangu wako wapi?"

"Huna wenzako, shefu. Uko peke yako."

"Peke yangu? Mukubwa gani anatuma muntu peke yake?"

Askari alimrudisha mtu wetu kinyumenyume mpaka pembe ya chumba, mgongo ukutani, bunduki imeelekea mlangoni. Akatulia hapo. Tulingoja. Hakuna jini lililokuja, maana majini wale hukaa vyumbani mwao mpaka uwafuate.

"Shefu," nikasema kwa sauti ndogo, "lazima uende mbele."

"Nani amesema?"

"Muchezo."

"Muchezo utangojea."

Nyanya, ambaye dakika chache kabla alikuwa akisoma dua zote alizozijua, alikubaliana naye kabisa. "Huyu anaelewa," akatuambia mimi na mjomba. Na alipofungua mlango hatimaye na jini moja likajitokeza kwa mbali, askari hakulipiga mara moja. Alilitazama vizuri, pembe, mkia na moto wake.

"Hapa ni muzuri," alisema. "Adui iko na pembe. Ukimuona, unamujua."

Wale wenzake wawili walitazama miguu yao. Nyanya alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya wali na sombe isiyo na chumvi, maana chumvi mjini haikuwapo, akaiweka mbele yake. "Kula kwanza, mutoto wangu. Majini hawaendi popote."

Bafle ilirudishwa kwa mwenyewe, mjomba akaweka kispika kidogo cha redio chenye sauti ya chini. Askari alirudi siku nyingine, na nyingine. Alikuja mchana, bila wenzake, akapiga hodi kwa adabu. Aliwahi kutuletea chumvi, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, na nyanya akaonja kidogo kwenye ncha ya ulimi, akafumba macho. Lakini mchezoni hakuendelea mbele hata siku moja. Alibaki chumba cha kwanza. Alipita kando ya kuta zote, akibonyeza hapa na pale, akitafuta kitu.

"Unatafuta nini, shefu?" nilimuuliza.

"Mulango alioingilia huyu muntu. Kama aliingia, iko pa kutokea."

Mimi na mjomba tulikuwa tumeshapita vyumba vingi, tulikuwa na funguo za rangi zote, na hatukuwahi kujiuliza hilo. Tulimsaidia kutafuta. Ukuta haukufunguka. Baada ya hapo kikosi chao kilihamishwa; wengine walisema kimekwenda upande wa Kailo, wengine ng'ambo ya mto. Nyanya aliendelea kumpikia wali wa ziada kwa muda, halafu akaacha.

Asubuhi moja zilikuja risasi za kweli, upande wa mtaa wa Mikelenge, zikakaribia. Tulilala chini ya meza ya ordinatere, nyanya katikati. Zilipokwisha tulibaki tumelala, tukisikiliza. Kitu cha kwanza kilichosikika kilikuwa kinu. Mama mmoja uani kwake alikuwa ameanza kutwanga, polepole, kisha akachangamka, na mwingine akamwitikia mtaa wa pili. Ndipo mjomba alipotoka chini ya meza. Mchezo wetu haukuwa na kitu kama hicho. Ukimaliza kuua chumba kizima, muziki unaendelea tu, na hakuna anayetoka kutwanga.

Vita ilipolegea na boti za Ubundu zikaanza kufika tena, jirani wa vitambaa naye alirudi. Alikuwa amenenepa. Alimshukuru mjomba, akasema atatuma mkokoteni jioni kuchukua mali yake. Tukatazamana. Tulikuwa tumefika chumba cha mwisho, kwa jini kubwa kuliko yote, lenye miguu ya chuma, na kila siku jua lilituacha kabla hatujaliangusha. Ilikuwa imebaki saa saba moja.

Siku hiyo mbingu ilikuwa safi. Mjomba alifuta vumbi la pano kwa shati lake. Nilicheza mimi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyepesi, mjomba alihesabu risasi, nyanya alielekeza. "Kushoto! Kuko dawa! Usisimame, inatema moto!" Alikuwa amesahau kigoda, amesimama wima, kanga imeanguka mabegani. Jini lile lilikuwa limeanza kuyumba. Naapa lilikuwa linayumba.

Uani sauti ikasema, "Hodi hapa."

Nyanya alinyamaza katikati ya neno. Mimi niliijua sauti kabla ya kujua kuwa naijua, na mikono yangu ikaachia kila kitu. Mama alikuwa amesimama kwenye jua na kikapu kimoja, mwembamba, viatu vya mtu mwingine miguuni. Sikumbuki nani alimfikia kwanza. Nakumbuka tulikuwa wanne tumeshikana uani, nyanya akimpapasa mama mabega na shingo kuhakikisha hakuna kilichopungua, na kutoka ndani ya nyumba mlio wa mtu wetu akifa peke yake. Hakuna aliyegeuka.

Jioni mkokoteni ulikuja.

Sasa nakaa Mikelenge. Nina kibanda cha kupiga fotokopi na kuchapa karatasi za watu, na ordinatere ndogo ya kubeba, inayofunguka mapajani. Nimewahi kuzipata sehemu zote za mchezo ule, maana watengenezaji wake hawakuacha. Waliendelea kuongeza majini mwaka hadi mwaka. Ya kwanza niliimaliza Jumapili moja ya mvua, mlango umefungwa. Jini la miguu ya chuma lilianguka kwa urahisi ulionikera. Yakaja maandishi ya Kiingereza, ambacho sasa nakisoma kidogo, yakisema kwa maneno mengi kwamba kazi haijaisha. Nyanya alikuwa ameshafariki. Nilikaa nikafikiri angesema nini, nikajua: angeuliza kama tuliacha dawa yoyote nyuma.

Ya pili niliipenda, ni ileile yenye vyumba vikubwa zaidi. Ya tatu ilinichekesha ilipotaka kunitisha. Ni giza tupu, na mtu wetu ana tochi, lakini hawezi kushika tochi na bunduki kwa pamoja. Ama unaona, ama unapiga. Mtu yeyote wa Kindu angeifunga tochi ile kwenye bunduki kwa mpira wa tairi ya baiskeli, kazi ikaisha. Nilicheza sehemu nzima nikiwagombeza watu wenye elimu ya kufika sayari nyingine bila kubeba mpira. Hizi za sasa ni nzuri sana kwa macho, lakini mtu wetu amepatwa na haraka. Anaruka, anapanda kuta, anawararua majini kwa mikono. Dawa inatoka miilini mwao, huhitaji kuitafuta sakafuni. Ukisimama pembeni kungoja, unakufa.

Mwaka huu, baada ya mavuno, mjomba alikuja kututembelea kutoka Kailo, ambako analima mpunga. Mvi zimemjaa, miwani imefungwa kwa uzi. Mama, ambaye anakaa nami, alikuwa ameweka wali jikoni. Nilimfungulia mjomba mchezo mpya kabisa. Alikunja mikono ya shati, akakaa, akaingia. Dunia ikaanza kuzunguka: juu, chini, nyuma, jini, moto, jini. Alistahimili kidogo. Kisha akavua miwani, akainuka akiwa ameshika ukuta, akaenda kulala kwenye mkeka huku mkono mmoja umeshika sakafu.

"Zima," alisema. "Nyumba inageuka."

Nilikimbilia maji na limao. Mama alikuwa ametoka jikoni, ameketi kwenye kiti kilichoachwa wazi. Mchezo huu hajawahi kuupenda. Siku zote husema kuwa ni upuuzi wa watu ambao hawakuona vya kutosha.

"Inazimwa wapi hii?" akaniuliza.

"Bonyeza pale juu, kushoto."

Sijui alibonyeza nini. Nilisikia mlio, nikamsikia akisema "Ee!" kwa hasira, kisha mlio mwingine. Nilimnywesha mjomba maji, nikamfuta uso, nikamwekea mto. Niliporudi, mama alikuwa amepita mlango wa pili, ameinama mbele, ulimi umetoka nje ya midomo.

"Mama, wali unaungua."

"Uende uugeuze," alisema bila kunitazama. "Miye huyu mwenye pembe amenitukana."